Mtungi wa akiba kwa anayezama peke yake: hewa ya pili ni ipi, na ipi siyo

Kila chombo kikizama au gari likitumbukia baharini, maswali mitandaoni ni yale yale. Septemba 29, 2019 gari lilipoteleza kutoka kwenye feri pale Likoni, Mombasa, likaja kutolewa Oktoba 11, na siku zote hizo katikati watu walikuwa wanauliza: hawa wazamiaji si wana mitungi ya oksijeni, mbona wanashuka kidogo tu wanarudi, si wabebe mtungi mwingine wakae chini mpaka walipate? Swali lina haki yake, mtu ambaye hajawahi kuvaa mtungi atajuaje. Ila mkanganyiko huo huo, yaani mtungi una nini ndani, hewa inatosha muda gani, na akiba ni kitu gani hasa, nimeukuta mpaka kwa vijana wenye vyeti wanaopeleka wageni Mnemba na Diani, na hapo sasa ni roho ya mtu inayozungumziwa. Kwa hiyo tuongelee hii kitu moja, hewa ya akiba kwa anayezama peke yake, na tuanze chini kabisa, polepole.

Ndani ya mtungi wa kuzamia mna hewa ya kawaida. Ndiyo, hii hii unayovuta sasa hivi, asilimia 21 oksijeni na iliyobaki karibu yote nitrojeni, imechujwa ikakaushwa halafu kompresa ikaishindilia mpaka bar 200 hivi (bar ni kipimo cha shinikizo, bar 1 ni karibu sawa na la hewa inayotuzunguka). Kuna wanaotumia mchanganyiko wenye oksijeni zaidi kidogo, asilimia 32 au 36, hao wamesomea na wana kikomo chao cha kina. Lakini oksijeni tupu ukiivuta ukapita mita 6 inaanza kuwa sumu, mtu anaweza kupata degedege humo humo majini, kile kifaa cha kuvutia hewa kinamtoka mdomoni, kwisha. Ndio maana naomba tuache kusema mtungi wa oksijeni, kwa sababu siku moja kijana atakuja kweli kujaza ule wa hospitali au wa fundi wa kuchomelea akidhani ndio bora zaidi.

Sasa vifaa vyenyewe. Mtungi uko mgongoni, na juu yake kuna valvu, yaani koki yake. Kwenye valvu inafungwa reguleta, ambayo kazi yake ni kushusha lile shinikizo kubwa likulingane wewe na kina ulichopo, na huo ndio ufundi ambao Cousteau na Gagnan waliutengeneza Ufaransa mwaka 1943, kabla ya hapo mzamiaji wa kikazi alikuwa akiletewa hewa kwa mpira kutoka juu. Kwenye reguleta hiyo moja kunatoka mipira minne kawaida: mmoja wa kuvutia hewa mdomoni, mmoja wa jaketi la kuelea, mmoja wa geji inayokuonyesha hewa iliyobaki, na mmoja wenye mdomo wa pili, mara nyingi wa rangi ya njano, unaitwa oktopasi.

Na hapa ndipo penye kosa kubwa. Muulize mtu una hewa ya akiba, anakuonyesha ule mdomo wa njano. Hapana bwana. Simtanki moja ukiifungia bomba mbili hujaongeza hata ndoo moja ya maji, tanki likikauka bomba zote mbili zinakauka pamoja, na lile koki kubwa la kwenye tanki likiharibika zote mbili zimeharibika. Oktopasi ni mdomo wa kumpa mwenzako aliyeishiwa, avute hewa kutoka kwenye mtungi wako mkiwa mnapanda naye. Ukiipindua hesabu hiyo utaelewa kumbe akiba yako wewe ni mtungi wa mwenzako. Utaratibu wote wa kuzama wawili wawili umejengwa juu ya hilo, kwamba kila mtu ametembea na akiba ya mwenzie mgongoni.

Basi ukizama peke yako akiba yako imebaki ufukweni.

Watu wanadhani kuzama peke yako ni yule mtu mkaidi aliyechukua vifaa akaondoka bila kuaga. Wapo, lakini huku kwetu wengi wanazama peke yao bila hata kujihesabu hivyo. Kijana anayeongoza wageni sita walioanza kujifunza wiki hii, hewa ikimkatikia yeye ni mgeni gani atamsaidia? Mgeni mwenyewe anababaika na miwani yake. Huyo kijana yuko peke yake na watu sita. Fundi wa kufunga kamba za maboya, anayekwangua makombe chini ya boti, anayetafuta majongoo bahari, mpiga picha aliyezubaa kwenye tumbawe wenzake wamesogea mita 20 mbele na maji ya bamvua yameshika kasi, wote hao wako peke yao. Hata wewe mwenye mwenza, kama kumfikia inabidi upige mapezi kwa nusu dakika huku mapafu yanadai hewa, huna mwenza.

Tuje kwenye kina sasa, maana bila hiki kipande huwezi kuchagua mtungi wa akiba. Kila ukishuka mita 10 maji yanaongeza mkandamizo sawa na wa anga nzima iliyo juu yetu. Juu ni 1, mita 10 ni 2, mita 20 ni 3, mita 30 ni 4. Reguleta inakupa hewa yenye mkandamizo wa pale ulipo, kwa hiyo mvuto mmoja ukiwa mita 30 unakula hewa ya mivuto minne ya juu. Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200, hiyo ni hewa kama lita 2,400. Mtu mtulivu anatumia tuseme lita 20 kwa dakika akiwa juu, huo mtungi ungemkalisha saa 2. Mita 10 unamkalisha saa 1, mita 20 dakika 40, mita 30 dakika 30, na hapo ni mpaka unakauka kabisa, hujatoa hewa ya kupandia. Lile gari la Likoni lilikuwa mita 58. Piga hesabu hiyo hiyo, unapata chini ya dakika 18, bila kupanda, na kupanda kutoka huko kunataka vituo njiani ili nitrojeni iliyoingia mwilini itoke taratibu, isije ikatengeneza mapovu mwilini. Ndio jibu la lile swali la mitandaoni, na sijagusa mkondo wala giza la maji ya kivukoni.

Ngoja tuihesabu akiba yenyewe kwa sehemu inayojulikana. Meli ya MV Dania ilizamishwa makusudi mwaka 2002 nje ya pwani ya Mombasa upande wa Bamburi iwe makazi ya samaki, na sasa ni sehemu ya kuzamia, chini yake ni kama mita 30. Uko pale, hewa inakata. Mtu aliyeshtuka havuti lita 20, weka 30, na wengine wanapita hata hapo. Dakika moja ya kwanza inaenda kwenye kushtuka, kutafuta mdomo mwingine, kuuweka, kutulia: 30 mara 4, lita 120. Halafu unapanda, mita 9 kwa dakika, ni dakika 3 na sekunde 20, mkandamizo wa wastani njiani ni 2.5, hiyo ni lita 250. Halafu kile kituo cha kutolea nitrojeni, dakika 3 kwenye mita 5, lita 135. Jumla lita 505. Hicho ndicho kipimo chako, na kila kitu kinachouzwa dukani kwa jina la hewa ya akiba kipime kwa namba hiyo.

Kuna kile kichupa kidogo cha mkononi chenye mdomo wake juu, Spare Air, wengi wanakipenda kwa sababu ni chepesi na kinaingia kwenye begi la ndege. Kile kikubwa chao kinabeba kama lita 85. Pale Dania chini lita 85 ni sekunde 42 hivi, yaani hata dakika ya kushtuka haijaisha. Sisemi ni takataka, kwa mtu aliye mita 8 au 10 kinaweza kumfikisha juu vizuri tu, ila mtu anakinunua halafu kinampa moyo wa kwenda mita 30 peke yake, na hapo kimegeuka kuwa hatari ambayo asingekuwa nayo kama asingekinunua.

Kinachofaa ni poni. Poni ni mtungi mdogo kamili, una valvu yake, reguleta yake, mdomo wake, na inapaswa iwe na geji yake, haushirikiani chochote na mtungi mkubwa. Wa lita 3 ukijazwa bar 200 una lita 600, unatosha ile hesabu ya mita 30 na kubaki kidogo. Wa lita 2 una lita 400, huo ni wa mita 18 hivi, nimeihesabu kwa njia ile ile nikapata kama lita 333. Lakini angalia: poni ya lita 3 iliyobaki na bar 150 ni lita 450 tu, kwa Dania haitoshi tena. Watu wanajaza poni mara moja, inatumika kufanyia mazoezi, inatumika kupulizia kifaa, miezi inapita, na kichwani mwa mwenyewe bado imejaa. Geji iangaliwe kila siku ya kuzama, sawa na ile ya mtungi mkubwa.

Wengine wanaenda mbele zaidi, wanavaa mitungi miwili mikubwa iliyojitenga, mgongoni au ubavuni kulia na kushoto, kila mmoja na reguleta yake. Ni njia nzuri na ubavuni valvu unaziona kwa macho, ila inakudai kubadilisha mdomo mara kwa mara ili mitungi ipungue sawasawa, maana ukinywa mmoja wote ukabaki na mwingine, huna akiba tena, una mtungi mmoja. Wazamiaji wa mapangoni ndio walioizoesha dunia kanuni ya theluthi, theluthi moja kwenda, moja kurudi, moja haiguswi. Kwa mtu wa kwenye matumbawe yetu ambaye juu yake ni maji matupu poni inamtosha.

Sasa hili naomba lisomwe mara mbili: hewa ya poni haiingii kwenye mpango wa kuzama. Ukisema nina lita 2,400 na 600 kwa hiyo nina 3,000, ngoja nikae chini kidogo zaidi, umeshaila akiba kabla hujashuka. Poni ikifanya kazi yake vizuri inarudi juu imejaa vile vile mwaka mzima, na mwenye duka asikwambie umepoteza hela. Ukiona mtu anarudi kila mara poni yake imepungua, huyo anaitumia kama nyongeza, na siku reguleta yake kubwa ikigoma atakuwa kwenye kina ambacho kilichobaki kwenye poni hakimtoi.

Zamani kabla geji hazijaenea mitungi ilikuwa na valvu ya akiba yenye kijiti cha kuvuta. Hewa ikianza kuwa nzito unavuta kijiti unafunguliwa kiasi kilichobaki, unapanda. Lakini kijiti kilikuwa kinaweza kugonga mahali kikashuka chenyewe bila mtu kujua, anavuta mpaka mwisho, anakishika kijiti, kumbe kilishafunguka. Halafu hiyo akiba ilikuwa ndani ya mtungi ule ule, reguleta ile ile. Ndio mawazo ya zamani yaliyobaki vichwani mwetu mpaka leo mtu anaposema akiba yangu ni zile bar 50 za mwisho. Hizo bar 50 ni za kufikia juu katika siku ya kawaida. Mpira ukipasuka au reguleta ikianza kumwaga hewa yenyewe bila kusimama, zinaondoka na zile nyingine zote ndani ya dakika chache.

Na kabla hujaniambia vifaa siku hizi haviharibiki, ni kweli vimeimarika, vinavyokatika ghafla ni vichache. Wanaokatika ni watu. Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, waliwahi kuchambua vifo 947 vya wazamiaji wa burudani vya kati ya 1992 na 2003, na kwenye vile ambavyo chanzo kilijulikana, asilimia 41 vilianza na hewa kupungua au kuisha, hitilafu za vifaa zikawa asilimia 15. Hewa kuisha maana yake mara nyingi ni mtu kutoangalia geji. Kwa hiyo poni haikuondolei wajibu wa geji hata kidogo, inakupa nafasi moja ya pili siku ulipojisahau, na kwa aliye peke yake hiyo nafasi haitoki kwingine.

Namna ya kuibeba ina makosa yake. Wengine wanaifunga kando ya mtungi mkubwa mgongoni, inakaa vizuri lakini valvu huioni wala geji huioni, ukisahau kuifungua kabla ya kuruka utaijua siku unayoihitaji. Mimi napendelea itundikwe mbele upande wa kushoto, kuanzia bega mpaka kiunoni, ili valvu iwe chini ya mkono na geji mbele ya macho, na kama nyavu imeishika unaweza kuifungua ukaitoa. Mdomo wake uwe na rangi au umbo tofauti kabisa na mingine na ukae shingoni au kifuani mahali pamoja siku zote. Kuna kosa moja linatokea kimya kimya, mtu anaruka majini akiwa ameshika mdomo wa poni akidhani ni wa mtungi mkubwa, anashuka anafurahia, geji ya mtungi mkubwa haisogei anasema leo ninavuta vizuri sana, halafu hewa inakata mita 20. Atakuwa na bahati kama atakumbuka kwamba mtungi mkubwa umejaa, lakini mtu aliyekatikiwa hewa hafikirii hivyo, anakimbilia juu.

Na kukimbilia juu ndiko kunakoua wengi ambao hewa yenyewe isingewaua. Kuna imani kwamba hewa ikikata unavuta ya mwisho, unaibana, unapanda nayo kama wazee wetu wanaozama bila mtungi. Mzee anayezama kwa pumzi yake alivuta hewa juu, akishuka inasinyaa, akipanda inarudi ilivyokuwa. Wewe uliyevuta kutoka kwenye mtungi ukiwa mita 10, hewa hiyo ukifika juu inataka nafasi mara mbili, na mapafu hayana nafasi hiyo. Yanaweza kupasuka hata kwa kupanda kutoka mita chache sana. Ukilazimika kupanda bila hewa, usibane pumzi, acha hewa itoke, unatoa sauti ya aaa njia nzima, taratibu. Watu wanafundishwa hilo kwa kina kifupi, mita 6 mpaka 9 hivi, kutoka mita 30 peke yako ni jambo lingine kabisa.

Mashirika makubwa ya mafunzo yenyewe kwa miaka mingi hayakutaka hata kulisikia neno kuzama peke yako. Siku hizi SDI wana kozi ya mzamiaji wa peke yake na PADI wana ya mzamiaji wa kujitegemea, na zote zinataka uwe umeshazama mara 100 zilizoandikwa kwenye daftari kabla hawajakupokea, na hewa ya akiba iliyojitenga ni sharti. Sehemu kubwa ya kozi ni kujipima wewe mwenyewe unakula lita ngapi kwa dakika, ili zile lita 20 na 30 nilizotumia mimi hapa uzitoe uweke zako.

Yapo ambayo poni haiyagusi kabisa. Ukinaswa na nyavu utahitaji kisu au mkasi, na uwe unafikika kwa mikono yote miwili. Ukizimia, hakuna mtungi utakaokuwekea reguleta mdomoni, na hapo tofauti ya mwenye mwenza na asiye na mwenza hakuna kifaa kinachoiziba. Nitrojeni nayo inaendelea kuingia mwilini kadiri ulivyo na hewa nyingi ya kukalia chini.

Ninaloumia nalo zaidi ni hili la nanga. Boti imenasa nanga kwenye mwamba, wageni wameshapanda wanataka chai, nahodha anamwambia kijana shuka mara moja. Kijana anachukua mtungi uliotumika, umebaki bar 50, hana mwenza, hana poni. Bar 50 kwenye mtungi wa lita 12 ni lita 600. Kina mita 20, anavuta kamba na kusukuma chuma, mwili unafanya kazi nzito, lita 40 kwa dakika mara 3 ni lita 120. Dakika 5. Ndani yake atoe kushuka, kufungua, kupanda. Wenye boti wanajua bei ya mtungi kamili na bei ya poni, na poni moja ikikaa kwenye boti kwa kazi hizi inatumiwa na vijana wote kwa zamu, inakaguliwa ndani kila mwaka na kupimwa shinikizo kila miaka 5 pamoja na mitungi mingine, ni gharama ndogo kwa anayelipisha wageni kwa dola. Na kijana ana haki ya kusema naomba mtungi uliojaa na mtu wa pili majini, au kamba ikatwe ifungwe boya tuje kesho.

Ukishaipata poni, zoezi ni hili, lifanyike kwenye mchanga mita 4 au 5 na mwenzio akiwa pembeni. Funga macho, toa mdomo mkubwa, endelea kutoa vipovu vidogo, tafuta mdomo wa poni kwa mkono wa kulia tu, safisha maji, vuta. Halafu kwa mkono wa kushoto tu. Halafu ukiwa umeshika kamera au kamba. Mpaka ufanye hivyo bila kupapasa, kisha panda juu ukiivuta hiyo hiyo poni mpaka mwisho, angalia geji yake imepungua bar ngapi kwa kina hicho, andika kwenye daftari, na nenda ukaijaze tena siku hiyo hiyo.